Mjadala: Kaunti ziunganishe mifumo yao kwa ESB huria?

Swali: Kaunti za Kenya kama Kisumu na Nakuru zina mifumo ya ushuru wa soko, leseni, hospitali, ardhi, mishahara na malipo ya simu. Je, iunganishwe kwa ESB huria, yaani programu yenye msimbo ulio wazi kwa wote, inayopokea ujumbe wa mfumo mmoja, kuubadilisha umbo na kuufikisha kwa mwingine?

KIBUYE: Naunga mkono. Mifumo sita ikiunganishwa mmoja mmoja ni viungo 15, na muuzaji mmoja akibadilisha toleo, vitano viko hatarini. Kwa ESB ni sita tu. Apache Camel, programu huria ya kazi hiyo, ipo tangu 2007 na hailipiwi leseni. Pesa hizo ziajiri wahitimu wa vyuo vikuu vya Maseno na Egerton.

LANET: Hiyo 15 ni hesabu ya ubaoni. Mishahara ina shughuli gani na leseni? Chora mishale inayohitajika kweli, utapata minne au mitano, mingi ikielekea kwenye ushuru. ESB ikianguka, yote imesimama. Na bure ghali: Talend Open Studio, programu nyingine ya kuunganisha mifumo, nayo ilikuwa huria, wenyewe wakaisitisha Januari 2024.

KIBUYE: Talend ilikuwa mali ya kampuni moja. Camel iko chini ya Apache Software Foundation, shirika lisilo la faida. Tenda iulize nani anaimiliki programu, isitosheke na neno "huria".

KONDELE: Leseni mnaigombania bure. Kinachoumiza ni kuacha mipangilio kama ilivyokuja. Chukua ActiveMQ Classic, programu ya kutunza foleni za ujumbe, chini ya Camel: ujumbe ukishindikana hurudiwa mara 6, kila baada ya sekunde 1, kisha huwekwa kwenye foleni ya ujumbe ulioshindikana iitwayo ActiveMQ.DLQ, kwa kifupi DLQ. Stima ikipotea hospitalini dakika 20, bili zilizotumwa huko muda huo zinaishia DLQ, na kashia hajui. Weka kusubiri kuanze sekunde 5, kuzidishwe kwa 2, marudio 10: unapata kama dakika 85. Na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuifungua DLQ kila asubuhi.

LANET: Ujumbe mbovu je? ActiveMQ humsimamisha mpokeaji hadi ule mmoja urudiwe, ili mpangilio usivurugike. Risiti moja yenye akaunti isiyokuwepo itazuia foleni nzima dakika hizo 85.

KONDELE: Kweli kabisa, ndiyo maana makosa hutenganishwa kwa onException, amri ya Camel inayosema kila aina ya kosa lifanyiwe nini. Mtandao umekatika? Rudia. Akaunti haipo? DLQ papo hapo, bila kurudia hata mara moja.

Taarifa ya M-Pesa nayo inaweza kuingia mara mbili. Tumia idempotentConsumer, sehemu ya Camel inayokataa ujumbe uliokwisha kuingia, ufunguo uwe TransID (namba ya muamala), na orodha ya TransID zilizopita ikae kwenye database. Ikikaa kwenye memori, seva ikiwashwa upya inafutika, na malipo ya mwenye kibanda yanaandikwa mara mbili. Hapo hesabu za kaunti na za benki hazilingani, mkaguzi anauliza, na kosa limeshazama kati ya maelfu ya risiti. Anzeni na njia hii moja tu, malipo ya simu kwenda ushuru. Mishahara ingoje.

MUMIAS: Hakuna aliyegusa wagonjwa. Wengi wakitafuta hitilafu huamuru Camel iandike ujumbe mzima kwenye logi (faili la kumbukumbu za programu), na jina na ugonjwa vinabaki seva miezi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Logi iandike namba ya ujumbe na saa, basi. Na faili kubwa la CSV (jedwali la maandishi) ligawanywe mstari kwa mstari kwa streaming, yaani bila kulipakia lote kwa mkupuo, la sivyo memori inajaa na njia zote zinazima pamoja.

LANET: Kwa masharti hayo nasogea kidogo. Naongeza mawili: faili za njia, yaani maelekezo ya ujumbe upite wapi, zikae kwenye Git ya kaunti (hifadhi inayotunza kila badiliko), si kompyuta ya mkandarasi, na seva ziwe mbili.

KIBUYE: La Git halina ubishi. Seva mbili kwa njia moja ya malipo? Foleni ikihifadhiwa kwenye diski, ujumbe uliokwisha kupokelewa unangoja seva irudi.

LANET: Na diski ikifa?