Flashi imejaa mafaili ya .CHK: nitajuaje ipi ni Word na ipi ni Excel?

steshenari_makole:

Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari hapa Makole, Dodoma mjini. Kaniletea flashi katibu wa chama cha wakulima wa zabibu kutoka Hombolo. Umeme ulikatika ikiwa imechomekwa, kompyuta yao ilipowaka ikaikagua yenyewe, na sasa ndani kuna folda iliyofichwa inaitwa FOUND.000, imejaa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Orodha ya wanachama, mihtasari ya vikao, hesabu za mauzo, vyote vimo humo na hakuna kilichobaki na jina lake.

FILE0003 niliipa .docx, Word ikagoma. Nikaipa .xlsx, Excel nayo ikagoma. Kijana mmoja wa UDOM anayekuja kutoa kopi akaniambia niache kubahatisha, nisome baiti za mwanzo. Nina laptopu ya Ubuntu, nikapiga `hexdump -n 8` nikapata hivi:

FILE0003: `cfd0 e011 b1a1 e11a`
FILE0007: `4b50 0403 0014 0006`
FILE0009: `5c7b 7472 3166 615c`
FILE0012: `5025 4644 312d 342e`

Majedwali ya mtandaoni yanasema Word inaanza na D0 CF. Yangu ni cfd0. Ndiyo imeharibika hivyo? Mkutano mkuu wao uko karibu na katibu hanipi pumzi.

fundi_wa_kibaigwa:

Mbukwenyi. Haijaharibika, dada (au kaka, utanisamehe). hexdump ukiiacha bila `-C` inazishika baiti mbilimbili na kuzionyesha kinyume. Piga `hexdump -C` au `xxd -l 16` utaziona zimekaa sawa: D0 CF 11 E0 A1 B1 1A E1. Waliozichagua walitania kidogo, zitazame vizuri utasoma DOCFILE.

Sasa usikimbilie kusema ni Word. Huo mwanzo ni wa Word, Excel na PowerPoint zote za kizazi cha 97 hadi 2003, na hata Thumbs.db ya Windows unao. Ni kama gunia hapa sokoni kwetu: kwa nje yote ni gunia, kujua ni mahindi au alizeti mpaka uchome bambo. Bambo lako ni hili:

`strings -el FILE0003.CHK | grep -E "WordDocument|Workbook|PowerPoint Document|ObjectPool"`

Hiyo `-el` usiisahau, maana majina ya ndani yameandikwa kila herufi kwa baiti mbili na strings ya kawaida itayapita. Ikitoka WordDocument, ipe .doc. Ikitoka Workbook, ipe .xls, na siyo .xlsx, ndiyo maana Excel ilikugomea. Ukikuta WordDocument na Workbook kwa pamoja, tena na ObjectPool, hiyo ni Word iliyobandikwa jedwali la Excel. Mihtasari ya vikao huwa hivyo sana, mtu anabandika mapato katikati ya maneno.

FILE0007 ni 50 4B 03 04, yaani PK, herufi za Phil Katz aliyebuni ZIP. Kuanzia Office 2007, docx, xlsx na pptx zote ni ZIP. Piga `unzip -l`: ukiona word/document.xml ni docx, xl/workbook.xml ni xlsx. FILE0012 ni %PDF-1.4, na FILE0009 ni {\rtf1, yaani RTF, Word inaifungua bila shida.

Mafaili ya CHK huwa na mabaki mkiani, kwa sababu yanaokolewa kwa vipande vizima vya diski. Docx ikikataa kufunguka ingawa mwanzo wake ni mzima, inakili iwe kazi.zip, piga `zip -FF kazi.zip --out safi.zip`, kisha safi.zip uigeuze jina iwe .docx.

mhasibu_area_d:

Naongezea moja ambayo wengi inawapiga chenga. Docx au xlsx iliyofungwa kwa nywila haianzi na PK. Inaanza na D0 CF kama ya zamani, na ndani ina EncryptedPackage. Ongeza neno hilo kwenye grep yako. Hesabu za mauzo ndizo watu hufunga, kwa hiyo muulize katibu nywila mapema kabla hajarudi Hombolo.

Na kama kuna mtu wao anatumia LibreOffice, nayo ni PK, ila baada ya baiti 30 tu utasoma mimetypeapplication/vnd.oasis.opendocument. Ikiishia text ni odt, ikiishia spreadsheet ni ods.

Pia kuna "Excel" zinazopakuliwa kwenye mifumo ya maofisini, ukizifungua zinaanza na `<table`. Hiyo ni HTML iliyovalishwa .xls. Mimi nalazimika kuzisafisha kila mwisho wa mwezi, sitaki hata kuzizungumzia.

kijana_chimwaga:

Mbona mnamzungusha? Piga `file *.CHK` ikutajie aina ya kila moja, mchezo umeisha.

fundi_wa_kibaigwa:

Kijana yuko sawa, na faida kubwa ya `file` hajaitaja: kwa zile za zamani inakutolea na aliyeandika na tarehe ya kuhifadhiwa mara ya mwisho. Mafaili yasiyo na majina, hiyo ni dhahabu. Kwa docx na xlsx piga `unzip -p FILE0007.CHK docProps/core.xml` upate habari hizohizo. Ila `file` haitakwambia kama mkia umekatika, kwa hiyo jaribu kufungua kila moja.

steshenari_makole:

Dada ni sahihi, asante. FILE0003 imetoa Workbook, nimeipa .xls, orodha ya wanachama imefunguka yote, na aliyeandika ni katibu wa awamu iliyopita. FILE0007 ni muhtasari, umefunguka baada ya ile zip -FF. Imebaki FILE0005. Haianzi na chochote mlichotaja, na `file` inasema "data" tu.

fundi_wa_kibaigwa:

Hicho ni kipande cha katikati ya faili jingine, kichwa chake kiko kwingine au kimeshafutika. Usiandike kitu chochote kwenye hiyo flashi. Itoe nakala nzima kwa `dd`, kisha upitishe PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, kwenye nakala. Nayo inatafuta kwa baiti hizihizi za mwanzo, ila inapekua hadi sehemu ambazo hazimo kwenye FOUND.000. Chagua aina za doc, zip, pdf na txt (rtf imo humo) pekee, la sivyo itakumwagia picha zote za harusi zilizowahi kupita humo.