Mama kaitiwa kipimo cha matiti Uingereza, aende au aache?

mwana_pangani:
Habarini wadau. Bi mkubwa wangu ana miaka 52 yuko Leicester, kapata barua ya NHS (huduma ya afya ya serikali ya huko) aende akapigwe mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, na haumwi popote. Wenzie wa msikitini wamemtia hofu eti mionzi ndo inaleta kansa, na kuna mtu alikatwa titi bila sababu. Mi natamani aende ila sitaki kumlazimisha. Mnaojua nisaidieni.

nesi_zamu:
Dada, mionzi ya ile mashine ni kidogo sana. Ila hilo la kutibiwa bila sababu lina ukweli, NHS wenyewe wanaliandika: wanapima kila miaka 3 kuanzia 50 mpaka 71, na kwa kila wanawake 200 mmoja anaokolewa na kifo, watatu wanakutwa na kansa ambayo isingewasumbua maisha yao yote, shida ni kwamba daktari hawezi kujua ipi italala na ipi itasambaa kwahiyo wote wanatibiwa. Na akiitwa tena asizimie, kwa 100 wanaitwa kama 4, kati yao mmoja ndo anakutwa nayo. Mi ningeenda. Ila akielewa yote hayo halafu akakataa mwacheni, mwili wake.

baba_zai:
Mwambieni pia titi linabanwa kati ya vibao viwili, inauma kidogo ila ni sekunde chache. Na wapimaji wa huko ni wanawake, asione haya.

mwana_pangani:
Asanteni sana. Sasa mama mdogo wa Muheza kasikia naye anaitaka, ana kivimbe kwapani tangu Ramadhani, hakiumi, nimwambie asubiri nikipata hela ya mamogramu?

nesi_zamu:
Asisubiri kabisa! Huyo ana dalili tayari, hesabu zangu za juu hazimhusu. Kutouma kusiwadanganye, kansa ya titi mara nyingi mwanzoni haiumi. Wiki hii hii aende hospitali ya wilaya akaguliwe kwa mikono, apigwe ultrasaundi, achukuliwe kinyama cha hicho kivimbe kikapimwe, na wakimpa antibayotiki tu arudi nyumbani asikubali yaishe hapo. Huku kwetu wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, ishakuwa hatua ya 3 au 4, yaani zile za mwisho, wakati WHO (Shirika la Afya Duniani) wanataka jibu kamili lipatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike hospitali mara ya kwanza. Ana wa kumsindikiza?

mwana_pangani:
Binamu yangu yupo nae, namtumia nauli sasa hivi.