Hoteli yatupa kadi ya bima badala ya nyongeza. Nikubali?

Mpishi wa Silversand
Asalaam aleikum. Mimi ni mpishi katika hoteli moja hapa Malindi, jina nalihifadhi kwa kuwa bado nakula kwao. Mwaka huu tulidai nyongeza ya elfu tatu kwa mwezi. Mwenye hoteli kaja na lake: nyongeza hakuna, ila kila mwenye mkataba atapata kadi ya bima ya kampuni binafsi, yeye, mke na watoto wawili. Jikoni ni vigelegele. Kuna mmoja tayari anataja hospitali ya Mombasa ambayo mkewe atajifungulia.

Mimi roho inasita. Mikataba yetu ni ya msimu. Waitaliano wakija Desemba tunaitwa, Pasaka ikipita na kusi ikianza kuvuma hoteli inafunga na sisi twarudi nyumbani mpaka Julai. Niliuliza ofisini kama kadi itafanya kazi miezi hiyo. Nikajibiwa, "Kadi ni ya mfanyakazi." Mei ndiyo mvua, mbu tele, na wanangu wakiugua malaria huwa ni Mei. Halafu wanangu ni wanne, nichague yupi nimwache yupi? Na mama, mwenye sukari na presha, hayumo kabisa.

SHA, bima ya afya ya serikali, nitaendelea kukatwa vilevile. Nalipwa 32,000, asilimia 2.75 ni 880. Enzi za NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, nilikuwa nakatwa 900, kwa hivyo silii. Anayelia ni meneja: mtu wa laki moja alikuwa analipa 1,700, sasa ni 2,750.

Tuna kikao na mwenye hoteli Alhamisi. Nichukue kadi au nishikilie elfu tatu yangu?

Bi Zena
Kaka, chukua kadi! Mimi nimefanya hesabu za mishahara hotelini miaka mingi. NSSF, akiba ya uzeeni, mwajiri anaweka sawa na wewe. Ushuru wa nyumba, wewe asilimia 1.5 na yeye 1.5. Lakini SHA? Ile 2.75 yatoka mfukoni mwako peke yako, mwajiri hatii hata ndururu. Leo amejitolea mwenyewe kulipia matibabu yako, unamkatalia? Elfu tatu ukipewa mkononi itaishia kwenye unga na karo, tunajuana.

Mwaka jana nililazwa. SHA ililipa kitanda, sikatai, lakini dawa mbili niliandikiwa kwenye kikaratasi nikanunue duka la nje. Mwenye kadi hahangaishwi hivyo.

Nahodha wa Faza
Wanangu, nyinyi mna mwajiri wa kubishana naye. Mimi mvuvi, Lamu huku, nabishana na nani?

Kijana wangu alinisajili kwa simu, *147#. Nikaulizwa ukuta wa nyumba ni wa nini, paa la nini, choo kikoje. Nyumba ni ya mawe, ya marehemu babu, basi mashine ikaniona tajiri. Hata ningehesabiwa kima cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini sisi tusio na mshahara twadaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600. Mpishi anakatwa kidogo kidogo hata hasikii. Sasa wametuletea Lipa SHA Pole Pole, yaani ukope ili ulipe bima. Haya.

Zahanati hulipi, hilo ni jema na lisemwe. Lakini mgonjwa akizidiwa usiku Faza ni boti mpaka Amu mjini, na mafuta ya boti twachangishana msikitini. Wenye sauti wote wakishapata kadi zao za Mombasa, nani atapiga kelele hospitali zetu ziwe na dawa? Hilo ndilo linalonikera, si elfu tatu.

Mswahili Minnesota
Ami Nahodha umegonga penyewe. Huku Marekani mambo yalianza hivyohivyo alivyofanya huyo mwenye hoteli. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilizuia mishahara kupanda, makampuni yakavutia wafanyakazi kwa bima. Baadaye kodi ikaipendelea bima ya kazini, ikaota mizizi. Waingereza walipotoka vitani walifuata njia nyingine: 1948 wakaanzisha NHS, inalipiwa kwa kodi, hakuna anayekuuliza umeajiriwa wapi.

Mimi niliachishwa kazi ghalani. Sheria inaniruhusu kubaki na bima ileile miezi 18, ila nilipe yote mwenyewe, fungu langu na la mwajiri, na asilimia 2 juu. Mshahara sina! Mpishi, usiulize kadi ni nzuri kiasi gani. Uliza inakufa lini.

Mpishi wa Silversand
Shukran nyote. Bi Zena, la ndururu nitalitumia mbele ya meneja, ngoja uone. Nimezungumza na wenzangu wawili wa jikoni, tumekubaliana hivi: kadi iwe ya miezi 12, hoteli ikifungwa isifungwe, na watoto wote waingie. Akikataa atupe elfu tatu, nami nimlipie mama SHA yake kwa mwaka, zinazobaki nitajua la kufanya.

Bi Zena
Sawa, hapo nakuunga mkono. Na vibarua wa kuosha vyombo, wasio na mkataba? Nao mmewataja, au kikao ni cha wapishi tu?