Kikundi cha ukoo: pikipiki ya Baraka inamisi

JUMAMOSI

Baraka (Uru): Shikamooni wakubwa. Wadogo habari zenu. Pikipiki inanisumbua. Ikiwa sailensi, yaani nimesimama inanguruma tu, inamisi: mlio unapanda na kushuka wenyewe, nikiachia mafuta inazima. Nikikimbiza iko sawa. Asubuhi natembea na choki mpaka nakaribia Rau, na nikiteremka bomba linapiga pa! pa! Leo maziwa nimeyafikisha mjini jua limeshapanda.

Shangazi Ana: Marahaba baba. Pole sana. Hayakuharibika lakini?

Baraka (Uru): Hayakuharibika shangazi, ila mteja kanuna.

Frank (Arusha): Baraka hiyo kabureta imekwisha. Nunua mpya ufunge, uendelee na kazi. Huku Ngarenaro vijana hatuhangaiki, tunabadilisha.

Bamkubwa Elia: Frank subiri kwanza. Kabureta kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, haifi hovyo. Baraka, usiguse skrubu yoyote. Nijibu hili: ukivuta choki injini inatulia?

Baraka (Uru): Inatulia kabisa bamkubwa.

Bamkubwa Elia: Basi injini inalilia mafuta. Choki inambania hewa, ndiyo maana anapata nafuu. Na huko kupiga bomba ukiachia mafuta mteremkoni mara nyingi ni ugonjwa huohuo: hewa nyingi, petroli kidogo. Fungua plagi, ile inayotoa cheche, injini ikiwa imepoa. Kabla hujafungua puliza vumbi lililokaa kwenye shimo lake, mchanga ukidondokea ndani utakwangua silinda. Tupigie picha ile ncha.

Baraka (Uru): 📷 Picha

Baraka (Uru): Nyeupe pe.

Bamkubwa Elia: Umeona. Ilitakiwa iwe kahawia iliyofifia. Ikiwa na masizi meusi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, hapo tungezungumza habari za ringi au sili za valvu zinazozuia oili. Nyeupe ni hewa nyingi na joto kali.

Bamkubwa Elia: Halafu fikirini wote. Moshi mjini ni mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari, na Uru kwenu mnapita 1,000. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, lakini kabureta haijui hilo, inamwaga petroli ileile. Kwa hiyo pikipiki ya mlimani ilitakiwa ielekee kwenye plagi nyeusi. Ya Baraka iko mlimani na plagi ni nyeupe. Ama petroli imezibwa njiani, ama kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.

Frank (Arusha): Si afungulie tu ile skrubu ndogo ya pembeni mafuta yaongezeke? Wengi zinatulia hivyo.

Bamkubwa Elia: Zinatulia kwa muda mwanangu. Kama kuna ufa mahali, skrubu haiuzibi. Ufa unaendelea kupanuka, silinda inaendelea kuchemka, na siku ukiletewa pistoni iliyoshika utauliza tatizo lilianza lini. Skrubu ni ya mwisho.

Bamkubwa Elia: Baraka, funga koki ya mafuta. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya kioo nyeupe, fungua, acha petroli itulie uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini.

Shangazi Ana: Baraka, hiyo petroli usiifungulie pale jikoni kwa mama yako. Jiko la mkaa liko mlangoni na watoto wanapitapita. Nenda kule kwenye migomba.

Bamkubwa Elia: Sikiliza shangazi yako. Mvuke wa petroli unatambaa chini kwa chini, moto unaufuata hata ukiwa mbali na chupa.

Baraka (Uru): Niko migombani shangazi.

Baraka (Uru): Bamkubwa kuna matone chini! Yanazunguka kama shanga, na unga wa kutu.

Bamkubwa Elia: Petroli unanunua wapi?

Baraka (Uru): Sheli nikiwa mjini. Ikiniishia huku juu nachukua ya chupa.

Bamkubwa Elia: Ya chupa ndiyo hiyo. Sasa shusha kikombe. Humo kuna jeti, vishaba vyenye tundu la kupitisha petroli. Katikati ni kubwa, ya mwendo. Pembeni yake kuna ndogo iliyojificha, hiyo ndiyo inalisha sailensi. Ndiyo maana ukikimbiza iko sawa na ukisimama inakufa. Itoe kwa bisibisi inayoenea sawasawa, shaba ni laini, mdomo ukiharibika hutaitoa tena. Itazame kwenye jua. Tundu lake ni dogo kuliko sindano.

Baraka (Uru): Sioni mwanga.

Frank (Arusha): Pitisha waya wa breki.

Bamkubwa Elia: Hapana! Chuma kinalipanua tundu, na ile namba ya saizi ya tundu iliyogongwa kwenye jeti inakuwa ya uongo. Hapo ndipo kabureta nzima zinapoharibikia, kwenye mikono ya watu wenye haraka. Iloweke kwenye petroli safi, kisha iulizie upepo kwa mtu wa pancha. Ikigoma kabisa tumia unywele mmoja wa plastiki wa brashi.

*(saa kumi jioni)*

Baraka (Uru): Imezibuka, naona mwanga. Nimefunga. Inawaka bila choki. Lakini bado mlio unapanda na kushuka, sema si kama mwanzo.

Frank (Arusha): Sasa bamkubwa?

Bamkubwa Elia: Sasa ule mlango wa nyuma. Kati ya kabureta na injini kuna shingo ya mpira. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, washa iwe sailensi, puliza kidogo kidogo kuizunguka. Maji tu, usithubutu petroli kwenye injini ya moto. Pale mlio utakapobadilika, simama.

Shangazi Ana: Chukua yangu ya maua, iko barazani.

Baraka (Uru): Juu hakuna kitu. Nilipopuliza kwa chini maji yakafyonzwa na ikazima palepale!

Baraka (Uru): 📷 Picha

Baraka (Uru): Nimeutoa. Ukiutazama hivi mzima. Ukiukunja unafunguka ufa wa urefu wa kucha, upande wa chini.

Frank (Arusha): Duh. Kwa macho mtu usingeuona.

Bamkubwa Elia: Joto na mtikisiko, na kilipu ikilegea kabureta yote inaning'inia kwenye mpira. Usipake gundi wala silikoni, petroli inaila na vipande vinaingia ndani. Jumatatu nunua mpya pamoja na oringi yake, ile pete ya mpira ya kuziba, nenda na huo wa zamani mkononi ulinganishe. Mpaka hapo usiiendeshe.

Shangazi Ana: Maziwa ya kesho na keshokutwa yaje kwa gari la Baba Neema, nimeshaongea naye.

JUMATATU

Baraka (Uru): Imefungwa. Imetulia wakubwa, mpaka taa ya nyuma haitetemeki! Asanteni sana. Ile skrubu ndogo niiguse au niiache?

Bamkubwa Elia: Sasa ruhusa. Endesha ipate moto kwanza. Ifunge taratibu mpaka iguse, hesabu mizunguko uandike mahali, usikaze. Irudishe ilipokuwa, kisha robo huku, robo kule, uache pale mlio unapokuwa juu na umetulia. Ikiwa skrubu iko upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, kuifungua kunaongeza hewa. Ukimaliza shusha sailensi kwa skrubu yake.

Baraka (Uru): Ya kwangu iko upande wa injini.

Bamkubwa Elia: Vizuri. Baada ya wiki nitumie picha ya plagi. Na Jumapili usiiwashe asubuhi, napanda huko tupime tapeti, zile nafasi za valvu, zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa.

Frank (Arusha): Bamkubwa nami nakuja na yangu.

Bamkubwa Elia: Njoo nayo.

Shangazi Ana: Basi napika mtori.