Mrejesho: kupanga mlo kwa kufuata ofa za wiki

Niliuliza namna ya kupunguza matumizi ya jikoni kwa kufuata ofa za supamaketi na bei za sokoni. Asanteni wakuu, ushauri umefanya kazi. Kubwa ni hili: bei kwanza, ratiba ya mlo baadaye. Nyanya zikishuka, chukua sado nzima; zichovye kwenye maji ya moto, menya, saga, pika mpaka maji yakauke, kisha gandisha kwenye vifuko vidogo, kila kimoja cha mboga ya siku moja. Mfuko mmoja mkubwa utakulazimisha kuyeyusha zote kwa sufuria moja ya maharage. Ofa za supamaketi zipigieni hesabu kwa kilo, maana pakiti ya gramu 900 hupangwa rafu moja na ya kilo. Mchicha hauna ofa: nunua siku ya kupika.