Swali la titresheni: x inanijia 2, majibu yanasema 10

Fomufoo_mwaka_huu
Wakuu habarini, naombeni msaada, kemia praktiko inanitesa. Swali linasema gramu 14.3 za sodiamu kaboneti yenye maji, Na2CO3.xH2O, ziliyeyushwa mpaka mchanganyiko ukafika lita 1. Ikachotwa 25 cm3 kwa pipeti, na asidi ya HCl ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) iliyotumika kwenye bureti mpaka kuimaliza kaboneti ni 25 cm3. Tafuta x, yani idadi ya maji kwenye fomula.
Mi nimefanya hivi, moli za asidi ni 0.1 x 25/1000 = 0.0025, kwa hiyo na za kaboneti ni 0.0025, kwenye lita nzima zinakuwa 0.1. Nikagawa 14.3 kwa 0.1 nikapata 143, nikatoa 106 ya Na2CO3 ikabaki 37, nikagawa kwa 18 ya maji ikaja 2.06 nikaandika 2. Nyuma ya kitabu wameandika 10!! Nimerudia mara nne tangu jana usiku.

mzee_wa_bureti
Ikwesheni yako iko wapi mbona hujaiandika?

Mwl_Sayansi
Mdogo wangu, kuzidisha na kugawa kwako kuko sawa kabisa, kosa liko pale uliposema "kwa hiyo na za kaboneti ni 0.0025". Nani kakwambia zinalingana? Andika kwanza:
Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2
Umeona hiyo 2 mbele ya HCl? Kaboneti ina chaji hasi mbili, inataka H+ mbili ndo imalizike, na ile gesi inayotoka ndo mapovu unayoyaona kwenye chupa. Kwa hiyo moli moja ya kaboneti inakula moli mbili za asidi. Moli zako 0.0025 gawa kwa 2, unapata 0.00125. Hizo ziko kwenye 25 cm3, na 25 inaingia mara 40 kwenye 1000, kwa hiyo lita nzima ina 0.05. Sasa 14.3 gawa kwa 0.05 ni 286, toa 106 inabaki 180, gawa kwa 18 ni 10.
Hili swali linaumiza wengi kwa sababu jibu la makosa linakaa karibu sana na namba kamili. Ingekuja 3.6 ungeshtuka mwenyewe, ila 2.06 mtu anaona safi anafunga daftari. Naumia sana kusahihisha karatasi ya mtoto aliyepiga hesabu zote vizuri halafu kaangushwa na mstari mmoja ambao hakuuandika.

dada_wa_maabara
Naongezea hapo kwa mwalimu. Siku ya praktiko angalia na indiketa uliyopewa, ile inayobadili rangi kuonyesha asidi imetosha, hapa inafaa methili oranji, ya njano inageuka rangi ya chungwa. Ukitia POP (fenolfthalini, indiketa nyingine) upinki unapotea asidi ikiwa nusu tu ya safari, yani kwenye 12.5 cm3, kwa sababu hapo kaboneti imefika kuwa baikaboneti bado haijaisha, na hesabu yote inaharibika.
Na hiyo 10 sio kidogo jamani, kwenye gramu zako 14.3, gramu 9 ni maji, chumvi yenyewe ni 5.3 tu! Ndo maana hizo fuwele zikiachwa wazi zinapoteza maji zinageuka unga mweupe. Chupa ifungwe.

Fomufoo_mwaka_huu
Asante sana mwalimu, asante dada, nimeelewa kabisa yani. Kumbe nilikuwa nafanya bila ikwesheni kila siku, na yale maswali ya HCl na NaOH yalikuwa yananikubali kwa sababu yale ni moja kwa moja.

Mwl_Sayansi
Safi. Haya jaribu hili bila kuangalia juu: 25 cm3 za NaOH ya 0.1 M zimemalizwa na 12.5 cm3 za H2SO4. Asidi ina molariti ngapi?

Fomufoo_mwaka_huu
H2SO4 + 2NaOH → Na2SO4 + 2H2O. Moli za NaOH 0.0025, safari hii 2 iko kwa besi kwa hiyo asidi ni 0.00125, na ziko kwenye 12.5 cm3, zidisha mara 80 inakuja 0.1 M.

mzee_wa_bureti
Vema kabisa mwanangu, na ikwesheni umeanza nayo.