Roketi za kuchezea: Estes waliwashindaje wenzao?

Baba Rama, Raskazone
Wakuu habari za jioni. Mjomba wake Rama karudi toka Marekani kamletea boksi la roketi ya kuchezea ya kampuni ya Estes, bodi lipo, mabawa yapo, parachuti ipo, injini (kale kakopo ka baruti kanakoirusha) ndo hamna maana kwenye ndege hawaruhusu baruti. Nikaanza kutafuta nani mwingine anatengeneza vitu hivi, kila kampuni ya zamani naikuta imekufa au imemezwa. Hivi hawa Estes waliwashindaje wenzao, kwa ubora au kwa fitina? Nauliza kwa dhati, nina kiwanda kidogo cha sabuni ya maji hapa Tanga na kuna mshindani ananinyima usingizi.

Fundi Ngamiani
Yakhe siri ni injini. Walioanza biashara ni kampuni ya MMI ya G. Harry Stine kule Denver, 1957, ila injini walikuwa wanategemea watengenezewe. Wakampata Vernon Estes, wazazi wake walikuwa watu wa fataki, akaunda mashine akaiita Mabel ikawa inatema injini moja kila sekunde 5.5, basi mzigo ukazidi mahitaji ya MMI, na MMI yenyewe ikaanza kuyumba, jamaa akaona nikae na mzigo wa nini, 1960 akaanza kuuza roketi zake mwenyewe. MMI ndo ikaishia hapo. Mwenye mashine ya kusaga kaamua kukaanga maandazi, wewe wa maandazi unga utautoa wapi?

Mdau wa Pongwe
Fundi kamaliza ila usisahau kampuni ya Centuri wa Phoenix, Marekani, hao walipambana nao kweli miaka ya 60, watoto wa Marekani walikuwa wamegawanyika huyu Estes yule Centuri. Kilichowamaliza ni hela. Kampuni ya Damon ikanunua Estes 1969, baadaye ikanunua na Centuri, yaani dukani wanashindana huku tajiri ni mmoja, mpaka miaka ya 80 jina la Centuri likaondolewa. Saivi anayewasumbua ni kampuni ya Quest, injini zao za Q-Jet zina kipenyo cha mm 18 kama zile za kawaida za Estes, kwa hiyo roketi ya Rama kama ni ya mm 18 inaziingiza bila kubadilisha kitu. Mimi hiyo naiona akili kubwa sana, mteja haachi alichonacho.

Mwl. wa Fizikia
Baba Rama nakuomba usimruhusu kijana ajaribu kusindilia baruti nyumbani, watu wamepoteza vidole. Chukua chupa ya soda, maji theluthi moja, kizibo kibane vizuri, pampu ya baiskeli, nendeni uwanjani. Inaruka vizuri tu.

Baba Rama, Raskazone
Mwalimu nimekuelewa, Jumamosi tunarusha ya maji. Fundi umenigusa pabaya, maana huyo mshindani wangu ndo huyo huyo anayeniuzia salfoniki na sless, malighafi za sabuni ya maji, mwaka jana kaanza kupaki sabuni yake na mimi akanipandishia bei. Kuna mtu anajua wanapouza kwa pipa Dar, hata tukichanga watu watatu wanne?